Ratiba ya Ligi ya Kikapu ya Vyuo Imeharibika Wapi? Soma Dalili, Tafuta Chanzo

Kila Februari, mratibu wa ligi ya mpira wa kikapu ya vyuo nchini Marekani hupokea malalamiko yale yale. Kocha mmoja anasema vijana wake wanalala hotelini kuliko bwenini. Mwingine anadai kinara wa msimamo amebebwa na ratiba. Mkuu wa chuo anauliza kwa nini wachezaji hawaonekani darasani. Hasira zote zinaelekezwa kwenye tarehe, na aliyepanga tarehe ndiye anayesakamwa wa kwanza.

Mara nyingi tarehe hazina kosa. Ratiba huwa imeshaharibika miezi mingi kabla, siku wakubwa walipokubaliana idadi ya timu na idadi ya mechi bila kupiga hesabu. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini tunaanza na hesabu, tunafuata na mpangilio wa nyumbani na ugenini, na tarehe tunazigusa mwisho. Ukianzia kwenye tarehe utahamisha tatizo kutoka timu moja kwenda nyingine mpaka msimu uishe.

Kwa asiyefuatilia sana mchezo huu: vyuo vya Marekani hujikusanya katika konferensi, yaani miungano ambayo kila mmoja una ligi yake ndani ya msimu wa taifa. Msimu huanza Novemba kwa mechi za nje ya konferensi, ligi yenyewe hushika kasi Januari na Februari, na mwezi Machi kila konferensi hufanya mashindano yake ya mtoano. Bingwa wa mtoano huo hupata tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya taifa ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, yenye timu 68. Tiketi zilizobaki hutolewa na kamati, nayo huangalia umemfunga nani na umemfungia wapi.

KAGUZI TATU KABLA YA YOTE

Zidisha idadi ya timu kwa idadi ya mechi za kila timu, kisha gawa kwa 2. Timu 18 zenye mechi 20 kila moja zinatoa mechi 180, sawa. Timu 11 zenye mechi 19 zinatoa 104 na nusu, na nusu mechi haichezwi. Ukipata nusu, rudi kwa waliokubaliana namba hizo, kwa sababu hakuna tarehe itakayokuokoa.

Angalia kama idadi ya mechi za kila timu ni shufwa. Ikiwa witiri, timu zote zitakuwa na mechi moja ya ziada ama nyumbani ama ugenini, na lawama umeshazinunua.

Halafu toa moja kwenye idadi ya timu, zidisha kwa 2. Hiyo ndiyo idadi ya mechi ambayo kila timu ingecheza kama mizunguko miwili ingekamilika, nyumbani na ugenini dhidi ya kila mpinzani. Ilinganishe na idadi mliyokubaliana. Pengo kati ya namba hizo mbili linakwambia malalamiko yatakuwa makubwa kiasi gani.

DALILI: "BINGWA AMEBEBWA NA RATIBA"

Hii inaripotiwa kuliko zote, na ndiyo ngumu kutibu.

Chanzo cha kwanza na cha kawaida ni mizunguko isiyokamilika. Konferensi ya Big East ya sasa ina timu 11 na mechi 20, kwa hiyo kila mtu anakutana na kila mtu mara mbili na mjadala unaisha hapo. Big Ten ilifikisha timu 18 mwaka 2024 ilipowapokea UCLA, USC, Oregon na Washington. Mizunguko miwili ingehitaji mechi 34. Wao wanacheza 20: wapinzani watatu mara mbili, wengine 14 mara moja. Wale watatu ndio wanaoweza kuujenga au kuubomoa msimu wa timu.

Watanzania waliokuwa wakimfuatilia Hasheem Thabeet pale Connecticut wameiona dalili hii hata kama hawakuipa jina. Msimu wa 2008–09 Big East ilikuwa na timu 16 na mechi 18, yaani wapinzani watatu mara mbili na 12 mara moja. Connecticut walipangiwa Pittsburgh mara mbili. Mechi ya kwanza, Februari 16 mjini Hartford, DeJuan Blair wa Pittsburgh alifunga pointi 22 na kuchukua ribaundi 23 mbele ya Thabeet, Pittsburgh wakashinda 76–68. Ya pili, Machi mjini Pittsburgh, Connecticut walifungwa tena. Walimaliza ligi na ushindi 15 na vipigo 3, na viwili kati ya hivyo vitatu vilitoka kwa timu moja.

Louisville walichukua ubingwa wa ligi kwa ushindi 16 na vipigo 2. Walikutana na Pittsburgh mara moja tu, nyumbani kwao, wakashinda. Walikutana na Connecticut mara moja tu, nyumbani kwao pia, na hapo Connecticut waliwafunga 68–51. Sisemi Louisville hawakustahili. Timu inayoshinda mechi 16 katika ligi ile imestahili. Ninachosema ni kwamba tofauti ya mechi moja kileleni ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya ratiba walizopewa, na hilo lilijulikana kabla mpira wa kwanza haujarushwa.

Chanzo cha pili ni watani wa jadi waliofungwa pamoja. Indiana na Purdue, Michigan na Michigan State, UCLA na USC lazima wakutane mara mbili, kwa sababu mashabiki na televisheni hawatakubali vinginevyo, na kusema kweli hata mimi nisingekubali. Ila mtani wako akiwa na nguvu miaka mitano mfululizo, umepewa mzigo ambao mwenzako hana.

Chanzo cha tatu kinasahaulika: mechi za mara moja zinachezwa kwa nani? Timu inaweza kuwa na wapinzani wepesi wa mara mbili lakini ikawafuata vigogo wote wanne kwao. Chanzo cha mwisho ni uwezo wa timu kubadilika kati ya kiangazi na Januari. Siku hizi wachezaji wanahama vyuo kwa wingi kila mwaka, na timu uliyoihesabu dhaifu inaweza kuwa tishio.

Ukaguzi mwepesi ni huu. Chukua karatasi, andika kila timu na wapinzani wake wa mara mbili, kisha jumlisha ushindi wa wapinzani hao kwa misimu mitatu iliyopita. Usitumie msimu mmoja pekee, utadanganyika. Pembeni andika timu nne bora na uweke alama ni ngapi kati yao inakutana nazo nyumbani pekee, na ngapi ugenini pekee. Ukiona timu moja ina jumla ndogo upande wa kwanza na inawapokea vigogo watatu nyumbani, umeshampata anayebebwa.

Marekebisho ya kina yanaanzia kwa wale wapinzani watatu. Mmoja awe mtani wa kudumu. Wa pili atoke kwenye kundi lako la uwezo, vigogo kwa vigogo na wa katikati kwa wa katikati. Wa tatu azunguke, asirudi mpaka wengine wote wamepata zamu. Mechi za mara moja zigeuzwe kila mwaka: mwaka huu kwako, mwakani kwake, na daftari la zamu hizo litunzwe na ofisi, lisibaki kichwani mwa mtu mmoja.

Kuna dawa kali zaidi. Conference USA waliijaribu kuanzia msimu wa 2018–19: timu 14 zilicheza mechi 14 za kwanza kwa ratiba ya kawaida, kisha zikagawanywa kwa msimamo, tano za juu, tano za katikati, nne za chini, na mechi nne za mwisho zikachezwa ndani ya kila kundi. Vigogo walikutana na vigogo pale ilipohesabika. Gharama yake ni kwamba wiki chache kabla ya mechi hujui unakwenda wapi, na tiketi za ndege za dakika za mwisho si mchezo kwa chuo chenye bajeti ndogo.

Simama hapa: msimu ukishaanza, usiguse kanuni ya kutenganisha timu zilizolingana kwa ushindi, hata ukigundua ina kasoro. Pittsburgh walilingana na Connecticut mwaka ule kwa 15–3 na wakawekwa juu kwa sababu waliwafunga mara mbili. Kanuni iliandikwa kabla, kila mtu aliikubali. Ombi lolote la kuibadilisha katikati ya msimu lipeleke kwa kamishna wa konferensi na mwanasheria wake. Si kazi ya mpanga ratiba.

DALILI: "WIKI TATU HATUJACHEZA NYUMBANI"

Andika msimu wa kila timu kwa herufi: N kwa nyumbani, U kwa ugenini, P kwa kupumzika. Usiandike majina ya wapinzani, wala tarehe. Mstari kama NUNNUPUN unapumua. Mstari kama NUUUPUNN ni mgonjwa, na utauona bila miwani.

Kwa kawaida chanzo ni kwamba wapinzani waligawiwa tarehe kwanza na nyumbani au ugenini vikafuata kama makombo. Chanzo cha pili ni mechi mbili tatu zilizobadilishwa baadaye kwa ombi la televisheni, kila badiliko likionekana dogo, na mwisho zikajipanga upande mmoja. Cha tatu ni ukumbi uliofungwa kwa siku kadhaa. Na mara chache ni hesabu yenyewe inayokataa.

Hilo la mwisho lieleweke, kwa sababu makocha huomba kisichowezekana. Kila mmoja anataka N, U, N, U mpaka mwisho. Sasa fikiria timu mbili zenye mstari huo huo mmoja: siku zote ziko nyumbani pamoja au ugenini pamoja, kwa hiyo haziwezi kukutana hata siku moja. Mistari iliyonyooka kabisa ni miwili tu, unaoanza na N na unaoanza na U. Ndiyo kusema katika mzunguko mmoja wa timu shufwa, timu mbili tu zinaweza kupishanisha bila kasoro. Katika ligi ya timu 8, zile sita zilizobaki lazima kila moja irudie N au U angalau mara moja. Kocha akikuletea malalamiko ya mechi mbili mfululizo ugenini mara moja kwa msimu, mwoneshe hesabu hiyo. Akileta tatu mfululizo, msikilize.

Marekebisho ya kina ni kugeuza utaratibu wa kazi, na mfano bora upo kwenye rekodi. Konferensi ya ACC ya miaka ya 1990 ilikuwa na timu tisa: Clemson, Duke, Florida State, Georgia Tech, Maryland, North Carolina, NC State, Virginia na Wake Forest. Mizunguko miwili inatoa mechi 72. Timu tisa haziwezi kucheza zote siku moja. Moja hupumzika, nane zinatoa mechi nne, kwa hiyo zilihitajika tarehe 18. George Nemhauser wa Georgia Tech na Michael Trick wa Carnegie Mellon waliipanga ratiba ya msimu wa 1997–98 kwa kompyuta, na ubora wa kazi yao ulikuwa kwenye mfuatano. Kwanza walitafuta mistari ya N, U na P iliyo na afya, bila jina la timu yoyote. Kisha wakapanga nani akutane na nani ndani ya mistari ile, bado bila majina. Majina yakaja mwisho, pamoja na matakwa: Duke na North Carolina wafunge msimu siku ya mwisho, timu isimalize na safari mbili, kila mmoja apate sehemu yake ya wikiendi nyumbani.

Hata ukipanga kwa mkono, fuata mfuatano huo. Kwa timu 8 au 10 unaweza kuumaliza kwa kalamu na subira.

DALILI: VIJANA WAMECHOKA, DARASANI HAWAONEKANI

Mchezaji wa chuo ni mwanafunzi. Konferensi ikisahau hilo, ratiba nzuri kiasi gani haina maana, na hapa sitaki kuzunguka maneno.

Anza kuangalia siku za juma. Chanzo cha kawaida ni Jumamosi ikifuatiwa na Jumatatu. Televisheni inapenda mechi kubwa ya Jumatatu usiku, na timu inayotoka kucheza Jumamosi ina Jumapili moja ya kusafiri, kufanya mazoezi na kulala. Mara moja kwa msimu si mbaya. Mara tatu kwa timu ile ile kwa sababu inapendwa na watazamaji, huo ni uonevu. Weka kikomo kwenye mkataba wa matangazo, na uhakikishe kwamba moja ya mechi hizo mbili iko nyumbani.

Chanzo cha pili ni safari zilizokatwakatwa. Konferensi ya Pac-10 ya zamani iliwahi kulitatua hili kwa njia ninayoipenda kuliko zote. Vyuo kumi viligawanywa jozi tano za majirani: UCLA na USC, Stanford na California, Oregon na Oregon State, Washington na Washington State, Arizona na Arizona State. Ukisafiri unacheza na mmoja Alhamisi na jirani yake Jumamosi, kisha unarudi. Safari nne za namna hiyo ni mechi nane za ugenini, ukiongeza ile ya kwa jirani yako zinakuwa tisa, na mizunguko miwili ya mechi 18 imekamilika kwa kupanda ndege mara nne. Ivy League, yenye timu nane, ilitumia jozi za namna hiyo kwa miongo mingi kwa Ijumaa na Jumamosi ili wanafunzi wakose vipindi vichache. Ubaya wake ni kucheza usiku mbili mfululizo, na mchezaji wa dakika 35 anaulipa Jumapili.

Chanzo cha tatu ni saa za maeneo. Mechi ya saa 2 usiku Los Angeles ni saa 5 usiku kwa mwili wa mchezaji aliyetoka Rutgers, kule New Jersey. Hata bila muda wa nyongeza, anamaliza mchezo usiku wa manane wa kwao. Kwa umbali huo safari moja ibebe mechi mbili, kama UCLA walivyofanya Januari 2025 walipokwenda Maryland kisha Rutgers bila kurudi nyumbani katikati. Walipoteza zote mbili, na wengi wakailaumu ratiba. Safari moja haithibitishi kitu. Kinachopaswa kuhesabiwa ni jumla ya usiku wanaolala nje kwa kila timu katika Januari na Februari, kisha uzilinganishe. Timu inayolala nje mara mbili ya wenzake ndiyo itengenezewe kwanza.

Chanzo cha nne ni mechi za ligi za Desemba kuangukia mitihani. Kalenda za vyuo hazifanani, kwa hiyo usibahatishe: omba tarehe za mitihani za kila chuo kwa maandishi kabla hujaweka mechi hata moja.

Simama hapa: daktari wa timu akikwambia majeraha yameongezeka, au mshauri wa masomo akileta orodha ya wanafunzi wanaofeli, usijibu kwa kuhamisha mechi kimyakimya. Mpeleke daktari mbele ya kamati ya konferensi. Na sheria za NCAA kuhusu saa za mazoezi na siku za mapumziko zisomwe na ofisa wa kanuni wa chuo, asizitafsiri mpanga ratiba.

DALILI: "TUMESHINDA SANA NA BADO TUMEACHWA"

Timu ina ushindi mwingi, Jumapili ya uteuzi inafika, siku kamati inapotangaza timu za mashindano ya NCAA, jina halisomwi.

Chanzo cha kawaida kiko kwenye mechi za nje ya ligi: timu ilijaza Novemba na vibonde. Hilo si la konferensi peke yake, ila konferensi inaweza kuweka kanuni. Chanzo kinachofuata ni mechi nyingi mno za ligi. Timu 18 zikipigana zenyewe kwa zenyewe, kila ushindi wa mmoja ni kipigo cha mwenzake, na nusu ya mechi zote za ligi lazima ziwe vipigo. ACC walipunguza kutoka 20 hadi 18 kuanzia msimu wa 2025–26, na Big 12 wakafanya vivyo hivyo, ili vyuo vipate nafasi ya kutafuta ushindi mkubwa nje. Naona walifanya sawa, ingawa kwa ACC ina maana sasa kuna mpinzani mmoja ambaye hukutani naye kabisa, na dalili ya kwanza inaongezeka makali. Dawa ya ugonjwa mmoja ni sumu kidogo kwa mwingine. Amua kwa macho wazi.

Chanzo cha tatu ni mahali pa kuchezea. Tangu 2018 kamati inatumia viwango vya NET, yaani orodha ya NCAA inayopanga timu zote kwa ubora, na ushindi hugawanywa madaraja manne. Daraja la juu linahesabu mpinzani wa nafasi ya 1 hadi 30 ukicheza nyumbani, 1 hadi 50 uwanja usio wa yeyote, na 1 hadi 75 ukiwa ugenini. Mpinzani aliye nafasi ya 60 ni ushindi wa daraja la juu ukimfuata kwake, lakini ni wa daraja la pili akija kwako. Timu iliyo kwenye mstari wa kuingia au kutoka huweza kufaidika zaidi na safari kuliko kukaa nyumbani. Kwa hiyo kocha anapoomba wapinzani wa kati wote waje kwake, mkumbushe anachokiomba.

DALILI: VIPORO VINALUNDIKANA

Theluji, mabomba yaliyopasuka ukumbini, ugonjwa. Msimu wa 2020–21 Ivy League haikucheza kabisa kwa sababu ya korona, na konferensi nyingine zilihamisha mechi kila wiki. Karibu kila mara chanzo cha mlundikano si tukio lenyewe. Ni ratiba isiyo na nafasi. Kila timu iachiwe angalau tarehe moja tupu katikati ya Februari, na kwa kadiri inavyowezekana tarehe hizo ziangukie pamoja kwa timu ambazo mechi zao za Januari ziko maeneo ya theluji. Kiporo kichezwe kabla ya wiki ya mwisho. Kisipochezeka, kanuni ya asilimia ya ushindi iwe imeandikwa mapema.

Barabara ikiwa mbaya, neno la mwisho ni la polisi wa jimbo na dereva wa basi. Mratibu hana kura.

DALILI: UKUMBI UMECHUKULIWA

Seton Hall wanatumia ukumbi mmoja na timu ya hoki ya New Jersey Devils, Marquette wako pamoja na Milwaukee Bucks wa NBA, na NC State wanagawana na Carolina Hurricanes. Timu ya kulipwa ina kipaumbele, tamasha la muziki linafuata, wanafunzi wanabaki. Na kwenye kumbi za vyuo vyenyewe kuna timu ya wanawake, ambayo ina haki sawa ya Jumamosi jioni. Ukaguzi ni mmoja: usipokee orodha ya siku zilizofungwa kwa mdomo. Ipokee kwa maandishi, na utenganishe siku ambazo ukumbi hauwezekani kabisa na siku ambazo mwenye ukumbi anapendelea zisitumike. Nusu ya vizuizi hulegea ukiuliza mara ya pili.

DALILI: KOMPYUTA INASEMA HAIWEZEKANI

Umeingiza matakwa yote, programu imezunguka usiku kucha, asubuhi hakuna ratiba.

Mara nyingi matakwa yanapingana. Mfano mdogo: timu tatu zote zinataka kumaliza msimu nyumbani, na kila moja inataka mgeni wake siku hiyo awe mmoja wa hao wawili wengine. Haiwezekani, hata kwa karatasi. Ukaguzi mwepesi ni kuondoa matakwa yote, ukabaki na timu, tarehe na mizunguko. Ikitoka ratiba, rudisha takwa moja moja mpaka igome. Lile la mwisho kurudi halina hatia peke yake. Tafuta linagongana na lipi.

Chanzo cha pili ni kuita kila takwa la lazima. Yagawe mafungu mawili. La lazima ni ukumbi uliofungwa, mitihani, na idadi ya mechi. Mengine yote yana bei: ugenini mara tatu mfululizo ni alama 10 za hasara, Jumamosi hadi Jumatatu ni 6, mtani kutokuwa siku ya mwisho ni 4. Programu itafute jumla ndogo kabisa. Bei hizo zipangwe na makocha na vyuo pamoja, mezani, kabla ya ratiba kuonekana. Zikipangwa baada, kila mtu ataipangia bei timu yake.

Chanzo cha tatu ni tarehe chache. Timu 11 zinahitaji tarehe 22 kwa mechi 20, kwa sababu kila siku mmoja anapumzika. Wengi huhesabu 20 na kushangaa.

Ikiwa umepunguza matakwa, umeongeza tarehe, na kwa timu 14 au zaidi bado inagoma, acha kuhangaika na jedwali la kompyuta yako. Tafuta mtaalamu wa hesabu za upangaji. Idara za uhandisi wa viwanda za vyuo vikubwa wanao, na huenda yuko ndani ya konferensi yako mwenyewe kama ACC walivyompata wao Georgia Tech. Usimpelekee ratiba yako iliyogoma. Mpelekee orodha ya siku zilizofungwa kwa maandishi, matakwa ya lazima, bei za yaliyobaki, na saini ya kila chuo chini yake.